Siku moja maishani mwangu: umande, upepo wa usiku wa La Paz

Saa 10:40 alfajiri

Kinachoniamsha si saa, ni mnyororo wa nanga. Unajiburuta juu ya mchanga mita saba chini yetu, krr, krr, na sauti inapanda mpaka kwenye mto ninaolalia. Maana yake upepo wa usiku umekata, na chombo, mashua ya tanga ambayo ndiyo nyumba yetu, kinazunguka kutafuta pa kuelekea. Tuko Isla San Francisco, kisiwa kisicho na mtu wala kisima katika Ghuba ya California, nchini Meksiko. Ghuba yake imejikunja kama ndoana.

Kutoka hapa kibla kiko kaskazini mashariki. Nakitafuta kwa dira, natandika mkeka kati ya meza na jiko, naanza. Nikitoa salamu, omo, yaani mbele ya chombo, imeshahama na mimi nimehama nayo. Nilipomweleza mama mara ya kwanza alicheka: "Babuyo mzaa baba kaswali hivyo miaka arubaini, wewe ndiyo kwanza unashangaa?"

Saa 12 asubuhi

Lamu ni saa 10 alasiri, kwa hiyo huu ndio wakati wa kumpigia mama. Antena ya setilaiti inakula umeme, naiwasha jua likishagusa paneli.

"Hapo mlipo pana watu?"

"Hapana, mama. Sisi na mashua nyingine mbili."

"Na miti?"

Miti hakuna. Baja California Sur, jimbo tulilomo, ni jangwa linaloingia baharini: mawe mekundu, na cardón, jamii ya mpungate inayosimama wima kama minara. Mama hajawahi kuamini kwamba bahari ya rangi hii inaweza kukosa mnazi hata mmoja. Ananiambia kusi limeshaingia kwao, vyombo vimepunguza safari, mbaazi zimepanda bei. Mazungumzo yetu mengi ni upepo na bei.

Saa 1 asubuhi

Mvuvi anakuja na mashua yake kutoka El Pardito, kisiwa kidogo mno hapo kaskazini ambacho familia za wavuvi zimekikalia vizazi kwa vizazi. Mashua hizi za faiba, ndefu na nyembamba, Wameksiko wanaziita panga. Wanangu waliposikia mara ya kwanza kwamba "panga inakuja" walijifungia chumbani, na mdogo mpaka leo anachungulia kwanza.

Ana sierra wanne. Ni ndugu wa nguru wetu, mwembamba zaidi, madoa ya dhahabu ubavuni. Nanunua wawili. Anauliza kama tuna betri za tochi; tunazo, nampa, naye anaongeza wa tatu. Buenos días, gracias, na kashapotea.

Saa 2 hadi saa 4

Shule na kazi, meza moja. Binti yangu ana miaka 11, mdogo wake 7. Leo hesabu ni ya kweli: tunakwenda ghuba ya Ensenada Grande, kisiwa cha Isla Partida, maili za bahari 18 na ushee kwenda kusini, tukienda maili nne na nusu kwa saa, tutafika saa ngapi? Mdogo anachora papa.

Mimi natafsiri. Pesa tunayoishi nayo ni ya tafsiri zangu na kodi ya nyumba tuliyoiacha San Diego, basi. Nyaraka nyingi ni barua za shule za Marekani kwa wazazi waliotoka Kongo, na ukiwaandikia Kiswahili cha Lamu hawakuelewi vizuri. Kwao shule ni "masomo". Mteja akirudisha kazi akisema "Kiswahili hiki si sanifu," nacheka peke yangu. Barua si ya mtahini, ni ya mama anayetaka kujua basi la shule linapita saa ngapi.

Baba watoto yuko chini ya sakafu, kichwa ndani ya injini. Pampu ya maji ya kupozea inavuja tone moja kila baada ya muda, na tone hilo ndilo linaloturudisha mji wa La Paz kutafuta kipuri, pamoja na gesi na mchele. Watu wakiona picha zetu hudhani tuko likizo. Sijawahi kufanya kazi za nyumba nyingi hivi nilipokuwa na nyumba.

Saa 4:15

Tunang'oa nanga.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi la boriti. Nimekua nikisikia maneno ya chombo: omo na tezi, foromali, demani, joshi, kubisha, amari. Nimeyasikia jikoni, kupitia dirishani, wanaume wakizungumza barazani. Chombo chenyewe nilikipanda kama abiria, nimekaa na mizigo. Hakuna aliyenikataza kushika kamba. Halikuwa jambo la kukatazwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri ningetaka.

Aliyenifundisha kusafiri kwa tanga ni mtu wa Tabora. Mume wangu kaijua bahari ukubwani, San Diego, kwa kuajiriwa karakana ya mashua, na alipoanza kunielekeza alikuwa akinionyesha kamba kwa kidole: vuta ile, legeza hii. Siku ya tatu nikamwambia, "Hiyo unayoita 'ile', kamba ya kukazia na kulegezea tanga, ni demani." Akanitazama kama niliyemficha mali. Yeye alikuwa na mikono bila maneno, mimi maneno bila mikono. Tulitoka San Diego Novemba 2023, msimu wa vimbunga ukiisha, na njia nzima ya kushuka Baja tulikuwa tukivishana hivyo. Mengine yameshindikana. Winchi ni winchi, babu hakuwa nayo.

Leo upepo ni wa kaskazini, mwepesi, unatoka tezi, nyuma ya chombo. Binti yuko kwenye usukani.

"Legeza demani," anamwambia mdogo wake.

"Iseme kwa adabu."

"Legeza demani, tafadhali, baharia."

Tanga kuu linafunguka, lile la mbele tunalisukuma upande wa pili, na chombo chetu cha futi 36 kinatembea kama mtu aliyeshiba. Ndoano mbili ziko majini nyuma, leseni za uvuvi ziko nne ndani ya bahasha, maana hapa chombo chenye ndoano kila aliyemo anatakiwa awe na yake, hata wa miaka 7. Hatupati kitu.

Saa 8 mchana

Los Islotes: majabali mawili meupe kwa mavi ya ndege, yamejaa simba wa baharini wanaopiga kelele kama soko la samaki saa ya mnada. Kuanzia Juni hadi Agosti kuogelea nao kunafungwa, ndio wakati wao wa kuzaa. Leo ni Mei, mashua za watalii zimepanga foleni. Sisi tunapita mbali.

Kisha taa, wale samaki bapa wenye mabawa. Sijui niseme nini kuhusu taa hawa. Mwezi huu hukusanyika kwa mamia, na wanaruka. Mmoja anachomoka majini, anapiga mabawa hewani, anaanguka chali, pa! Halafu mwingine, halafu kumi. Ni chapati zinazogeuzwa na mpishi mwenye haraka. Mdogo amesimama akihesabu kwa sauti. Kafika 61 ndipo akakumbuka kwamba anataka chapati.

Saa 9:10

Ensenada Grande. Mita sita za maji, mchanga mweupe, tunamwaga mnyororo mita 40. Binti anajitosa na miwani kuangalia: nanga imezama yote, imebaki shingo. Tumejibana upande wa kusini wa ghuba, chini ya jabali, ingawa katikati ndiko kuzuri na ndiko wengine walikotia. Sababu nitaifikia.

Saa 11 jioni

Wali wa nazi, nazi ya unga. Samaki nampaka ukwaju, ambao hapa haunisumbui: kila soko la Meksiko linao na wanauita tamarindo. Pilipili ndiyo usiniulize, nimeacha kuwa na majivuno. Vyombo tunaosha kwa maji ya bahari kutoka tezi na kusuuza kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Tangi letu ni lita 300. Mashine ya kutoa chumvi inatengeneza lita 25 kwa saa ikiwa jua limetosha, kwa hiyo nguo za shule, ambazo kwa kweli ni kaptura, zinasubiri.

Naizungushia mashine mkono kwanza na ndipo nawasha. Ni ushirikina, najua.

Saa 3 usiku

Huyo amekuja.

Anaitwa Coromuel. Wenyeji husimulia kwamba jina limetokana na Cromwell, haramia Mwingereza, na hadithi hiyo nawaachia wenyewe. Utendaji wake ni rahisi: Pasifiki upande wa pili wa rasi hii ya Baja ni baridi, ghuba hii ni moto, na karibu na La Paz nchi ni tambarare. Jua likizama, hewa baridi inapita hapo na kumwagika huku mpaka asubuhi. Kwetu upepo wa usiku utokao nchi kavu ni umande, pepo ya upole ya kutolea ngalawa. Huu ni umande uliopandwa na mashetani. Unatoka kusini magharibi, na ghuba hizi nzuri zote zimeuachia mlango wazi.

Dakika ishirini, shwari limekuwa kilomita 40 kwa saa. Mawimbi yanaingia ubavuni, sufuria zinaitana kabatini. Jabali letu linatukinga nusu, na nusu si haba. Katikati ya ghuba taa za mlingoti zinacheza kama za harusi.

Saa 6 usiku

Moja ya taa hizo inasogea.

Baba watoto anaiona kwanza. Mashua ya jirani inaburuta nanga, inapita nyuma yetu kuelekea mawe, na ndani yake kimya. Napiga redio chaneli 16, hakuna jibu. Tunapuliza honi, binti anatoka usingizini na tochi kubwa na kuwamulika dirishani moja kwa moja. Mwishowe mtu anatokea na chupi, anawasha injini, mita thelathini kabla ya jabali. Anapunga mkono. Tunasikia mnyororo wake ukipanda, kisha anatoka nje ya ghuba kusubiri kuche kwenye maji marefu. Ndivyo ningefanya na mimi.

"Mama, yule hakujua umande?" binti anauliza.

"Kautegea ubavu."

Saa 8 usiku

Zamu yangu. Nimevaa koti, nimekaa kwenye tezi, simu mkononi inaonyesha duara la nanga yetu; tumo ndani yake. Tarehe 15 mwezi huu msimu wa vimbunga unafunguliwa rasmi, na tukishapata kipuri tutapanda kaskazini mpaka mwisho wa ghuba. Kwenye giza taa bado wanaruka, siwaoni, nasikia tu, pa, pa.

Ujumbe wa sauti umeingia. Kwa mama ni mchana. Anataka kujua kama tumelala salama, na kama kule tulikohamia pana miti.