Meno ya Mbele na Mwaka wa Rupia

Leo arubaini ya Bibi imetimia. Khitma imesomwa, wali umeliwa, masufuria ya kuazima yamesharudi kwa wenyewe, na mimi nimekaa barazani kwake hapa Wete, Pemba, na daftari mapajani. Mchana mzee mmoja wa mtaani aliniuliza marehemu alikuwa na umri gani. Nikamwambia miaka 95, au 96. Akatikisa kichwa. "Umejuaje, na watu wa zama zile hawakuandikwa?" Nilimjibu kwa ufupi maana watu walikuwa wengi. Hapa nataka kumjibu kwa urefu.

Hesabu ile tuliifanya wawili, mimi na Bibi, mwaka 2016. Mwezi wa Aprili mwaka ule Serikali ya Zanzibar ilianza kutoa pencheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70. Nilikuwa nimekuja likizo, nikamkuta ameshika kitambulisho chake, anakigeuza huku na huku.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "miaka yangu wanaitakia nini?"

Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto, kwani Babu alikuwa mume wetu sote wawili, yeye wa ndoa na mimi wa utani. Kitambulisho kilisema amezaliwa tarehe 1 Januari 1940. Karani aliyemwandikisha alimtazama uso, akakisia. Kwa pencheni ilitosha. Mimi haikunitosha, kwa sababu mjomba wetu mkubwa, Mungu amrehemu, alizaliwa kabla ya mwaka 1950.

"Bibi, umezaliwa lini?"

"Msimu wa karafuu."

"Msimu wa mwaka gani?"

"Mie mwaka siujui. Nnajua karafuu zilikuwa nyingi."

Nikamuuliza kitu cha mwanzo kabisa anachokikumbuka. Akanyamaza, akaendelea kusuka ukili wake mpaka nikadhani amenisahau. Kisha akasema anaikumbuka siku baba yake aliporudi kutoka dukani na fedha ngeni, akazimwaga juu ya jamvi, akasema rupia basi tena, sasa ni shilingi. Yeye akaokota moja, akataka kuiuma kama alivyowaona watu wazima wakifanya, akashindwa. "Sikuwa na meno," akasema, akanionesha kwa kidole pale mbele, ambapo siku ile tuliyokuwa tukizungumza hapakuwa na meno pia.

Rupia ziliondolewa Zanzibar mwaka 1936, ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki. Mtoto hung'oka meno ya mbele akiwa na miaka sita au saba. Basi ni 1929, au hapo hapo jirani. Nikamwambia, "Bibi, una miaka 87." Alifikiri kidogo, akaniuliza, "Hiyo tu?"

Maana yeye maisha yake aliyapima kwa pishi, kile kipimo cha kupimia karafuu. Alianza kwa kuokota karafuu zilizodondoka chini ya mikarafuu ya watu, kisha akawa mchambuaji, na mchambuaji alilipwa kwa pishi. Nikifumba macho ndivyo ninavyomuona: usiku, kandili imetundikwa kwenye boriti, lundo la karafuu mbichi katikati ya ukumbi, na wanawake wa mtaa wamelizunguka, wamenyoosha miguu. Shada linakaa mkono wa kushoto, gumba la kulia linapita, karafuu zinaanguka upande huu na makonyo, vile vijiti vyake, upande ule. Mikono ya Bibi haikuonekana kwenda mbio hata kidogo, lakini fungu lake lilikuwa la kwanza kwisha, na akimaliza la kwake husogea kumsaidia aliyechelewa bila ya kusema neno. Gumba lake lilikuwa jeusi mwaka mzima. Harufu ilimkaa mpaka kwenye nywele. Hata mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, ukimkumbatia unaisikia.

Mchana karafuu zikishaanikwa, yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa mbingu. Mvua ya Pemba haipigi hodi. Tukiwa ndani tunasikia sauti moja tu, "Anueni!", na nyumba nzima inatoka mbio kwenda kukunja majamvi, mwenye tonge mkononi na mwenye sabuni kichwani. Karafuu ikirowa, hata ukiirudisha juani haiwi ile tena, inapauka na bei yake inashuka. Alikuwa mkali sana katika hilo. Nimewahi kupigwa kofi moja tu na Bibi maisha yangu yote, na lilikuwa la mvua: nilisikia, nikajifanya sikusikia, kwa sababu nilikuwa nasoma. Zikikaribia kukauka hakumuuliza mtu. Alichota konzi, akafumba ngumi, akaminya. "Zikikuchoma, zimekauka." Akanipa na mimi, nikaminya, vichwa vyake vikanidunga kiganjani kama ncha za misumari. Mpaka leo nikinunua karafuu za pilau sokoni Darajani nafanya hivyo hivyo, na muuzaji hunitazama.

Mapinduzi ya 1964 hakuyasimulia sana, wala sikumlazimisha. Njaa aliisimulia. Mwanzo wa miaka ya 1970, mchele ulipokuwa haupatikani ila kwa foleni, alilea watoto sita kwa muhogo na shelisheli. Tangu hapo hakupika wali bila ya kuchota konzi moja kuirudisha guniani, hata siku ya sikukuu, hata gunia likiwa limejaa. Sisi wajukuu tukimwona mchoyo. Leo asubuhi, kabla ya mchele wa khitma kuoshwa, nilimwona mama yangu akichota konzi moja na kuirudisha. Hakujua kama namtazama.

Sitaki kumwandika Bibi kama malaika. Alimwachisha mama skuli akiwa na miaka 14, kwa sababu msimu ule ulikuwa mkubwa na mikono haitoshi. Msimu ukaisha, hakumrudisha. Baada ya mwaka akamwoza. Mama hakumlaumu mbele yetu hata siku moja, lakini kila akiona mtu anasoma gazeti alikuwa na namna ya kulitazama lile gazeti ambayo mimi naijua. Basi nilipochaguliwa kwenda kusomea ualimu Unguja, na baba akasema pesa hakuna, Bibi aliingia chumbani kwake akatoka na pindo la kanga limefungwa fundo. Zilikuwa pesa za makonyo. Wengi makonyo huyaona taka, lakini kiwanda cha kule Wawi huyanunua kutengenezea mafuta, na yeye aliyakusanya gunia kwa gunia, miaka na miaka, hakuna aliyejua anaweka wapi. Alinipa mimi mkononi, lakini akamtazama mama. "Hili deni la mama yako," akasema. "Nimechelewa kulilipa." Mama akainuka akasema anakwenda kuangalia kuku. Isha ilikuwa imeshaadhiniwa, kuku wamelala zamani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, imejaa watu kupita kiasi. Mimi nilikuwa Unguja, sikupanda, lakini Bibi hakulijua hilo mpaka alasiri. Waliokuwapo wanasema alikaa hapa hapa nilipokaa mimi sasa, tangu habari ilipofika, hakula, hakulia, hakuzungumza na mtu, ukili uko mkononi na vidole havisogei. Mtaani kwetu kulikuwa na nyumba zilizokaa matanga bila ya maiti. Alizipitia zote, moja baada ya moja, na zile ambazo bahari haikuwarudisha watu wao alilala nazo.

Baada ya hapo ndipo alipokubali kushika simu, kitu alichokikataa miaka yote. Tulimnunulia kitochi. Alijifunza kitufe cha kijani tu. Chekundu hakukigusa kabisa. Kwake mazungumzo yakiisha yameisha: anasema, "Haya, mke mwenzangu," anaitia simu kwenye kanga kiunoni, anaendelea na shughuli zake, na huku mimi bado nipo hewani. Nikawa siwahi kukata. Nilikuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi kule Unguja huku namsikia Bibi anakuna nazi Wete.

Pencheni yake nilidhani anainywea chai. Alipofariki, mama mdogo alilifungua sanduku lake, akakuta sanda, pamba, kafuri, udi, chupa ya marashi na kifuko cha karafuu kavu, vyote vimefungwa kwenye kanga mpya ambayo haijavaliwa. Chini yake bahasha, na ndani ya bahasha pesa ambazo alikuwa amemweleza mama mdogo kazi yake: mchele wa khitma. Wali tuliokula leo ni wa miaka yake ile waliyoitaka.

Alifariki alfajiri. Siku ile hapakuwa na boti ya kwenda Pemba, ndege imejaa, na maiti haisubiri. Nilikaa bandarini Malindi, Unguja, na begi langu mpaka nikaambiwa ameshazikwa baada ya adhuhuri. Nilifika kesho yake. Sikumuosha, sikumuona. Wenzangu wananiambia uso wake ulikuwa mzuri, na nawaamini, lakini kuambiwa si kama kuona, na hili linanikaa kooni hata sasa ninapoandika.

Nilichonacho ni simu ya siku nne kabla. Aliniuliza kama Unguja kumenyesha. Akaniuliza kama nakula. Akasema mikarafuu mwaka huu imezaa vizuri, nije na wanangu likizo. "Haya, mke mwenzangu." Nikasikia kanga ikiifunika simu, kisha kandambili zake, mlango wa uani, fagio, kuku akifukuzwa jikoni. Halafu kimya kidogo, halafu matone juu ya bati, machache kwanza. Na sauti yake, kali kama ile ya zamani: "Anueni!" Nikasikia miguu ya watoto ikikimbia, mmoja anacheka, jamvi linaburutwa, yeye anahimiza. Sikukata. Niliisikiliza mvua ya Wete mpaka salio likaisha.