Utamu Mkavu Katika Joto la Mombasa

Februari, saa nane mchana. Kaskazi inavuma, lakini vichochoroni Mji wa Kale hewa ingali nzito na ngozi inanata. Nani hujipaka marashi matamu saa hii? Ndiyo saa ya kuyapima hasa. Marashi ya jangwani, yaani matamu yaliyokaushwa kwa ubani na mbao, yakistahimili mchana huu, jioni hayana wasiwasi.

Mchanga mkavu hauna harufu ya kutajika. Jangwa lililomo chupani limeundwa: ubani, labdanamu (utomvu wa kichaka cha nchi za Mediterania), mbao kavu kama sida (mwerezi), na zafarani kidogo yenye kukumbusha ngozi ya viatu vipya. Juu yake ndipo huja vya kulika: vanila, tende, asali, kahawa. Mtindo huu wa manukato yenye harufu ya chakula ulivuma na Angel, marashi ya Mugler wa Ufaransa, mwaka 1992. Yalitumia ethili maltoli, kemikali inayonukia kama sukari iliyoanza kuungua, na utamu huo ukazuiwa na pachuli (mafuta ya majani yenye harufu ya udongo) usichoshe. Ya jangwani huipunguza sukari hiyo na kuzidisha mbao. Ikikosewa kipimo, mtu anatembea akinukia keki.

Joto letu huchezea kipimo hicho. Harufu nyepesi huruka upesi, utamu hutangulia kwa kishindo, na utomvu na mbao hujikokota nyuma. Kwa hiyo dakika tano za kwanza usihukumu, ni spiriti inayoruka. Ngoja nusu saa ndipo ukavu ujitokeze. Baada ya saa nne kinachobaki mwilini ndicho ulichonunua. Mipulizo miwili inatosha, mmoja kifuani chini ya nguo, mmoja nyuma ya shingo, chupa ikiwa mbali shubiri moja. Vipimo vya mtu wa Nairobi kwenye baridi ya Julai usivilete huku: ndani ya matatu iliyojaa, kati ya kunukia na kunuka kuna mpulizo mmoja tu.

Ngozi kavu huyapoteza marashi haraka, basi wengi hutanguliza mafuta. Mafuta ya nazi hapana. Nazi ikikutana na vanila, jangwa lote linageuka kashata. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje ya kunde kila mahali, yanafaa zaidi.

Kanzu nyeupe nayo ina lake. Vanila hugeuka rangi ya kahawia kadiri inavyokaa, hata chupani, na huacha doa la manjano ambalo dobi hatalitoa kirahisi. Pulizia mwili, ukauke, ndipo uvae. Buibui jeusi halina shida hiyo. Chupa iwekwe kabatini ndani ya boksi lake, si dirishani wala bafuni.

Lakini tukisema kweli, pwani haikungoja chupa kutoka Ufaransa kuujua utamu mkavu. Udi wa sukari ndio huohuo: sukari inachemshwa hadi iwe shira nzito, vinatiwa vipande vya udi na sandali, mafuta ya manukato na miski, kisha unaachwa ukauke. Kosa la kawaida liko kwenye chetezo. Kaa likiwa jekundu, sukari inaungua kabla udi haujatoa chochote, na nyumba inajaa uchungu wa sufuria iliyosahaulika jikoni. Liache livae jivu jeupe kwanza, kisha weka kipande cha ukubwa wa ukucha. Moshi ukianza kuwa wa kukwaruza koo, kiondoe. Udi uliofunguliwa hunyonya unyevu na kunatana, kwa hiyo kopo lifungwe vizuri, hasa mvua za Mei.

Anayetaka vyote viwili afukize nguo kwanza, azitundike dakika kumi, kisha ajipulizie mara moja tu, tena chumba kingine: spiriti na kaa la moto havikai pamoja.