Siku ya kuhamisha jiwe la chumvi

Saa kumi na mbili asubuhi nashuka matatu Bamburi, hamri la mwisho bado li mdomoni. Nachunga wanyama wa hifadhi ndogo huku kaskazini mwa Mombasa: pofu, choroa na kuro, wote jamii ya swala, na twiga wachache.

Saa moja napakia kwenye mkokoteni jiwe la chumvi la kilo 10, la wanyama kulamba. Mzee wa getini ananitania kama kawaida: "Chumvi wapeleka wapi, na bahari i hapo?" Basi namweleza tena. Nyasi changa za masika zimejaa maji na potasiamu, sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ni kidogo mno, na mnyama huihisi kiu hiyo. Chokaa haitusumbui, tunakanyaga mawe ya matumbawe. Ila chokaa ikizidi huishika fosforasi, madini mengine ya mifupa, ndiyo maana twiga utamkuta anatafuna mfupa mkavu kama mtu na muwa.

Saa tatu niko mahali penyewe. Jiwe la zamani limelambwa likabaki jembamba, laini kama kipande cha sabuni. Kabla ya kuligusa nachutama nisome nyayo na mavi. Hili nilijifunza kwa aibu: mwaka jana niliweka jiwe bondeni, karibu na maji, nikaona nimewarahisishia. Mvua ikaliyeyusha, pakawa tope, tope likachanganyika na mavi, nao wanalamba tu. Daktari wa mifugo alinisema siku hiyo, wacha! Minyoo haitaki mwaliko mwingine. Siku hizi naweka juu ya kisiki, penye mwinuko, na kila baada ya miezi michache nalihamisha.

Saa sita, wali na maharage. Mpwa wangu aliye Marekani amenitumia video ya ayala, wanyama wafananao na swala, ndio hao wa kwenye Zaburi. Ataka kuwawekea chumvi nyuma ya nyumba. Ayala dume ana haja nayo kweli: pembe zake hudondoka kila mwaka na kuota upya kwa miezi michache, mwili ukikopa madini mpaka mbavuni. Pofu wangu pembe ni zile zile hadi kufa. Lakini nimemwambia aulize sheria kwanza. Kule kuna ugonjwa wa kuwakondesha ayala, uliogunduliwa Colorado mwaka 1967. Hupita kwa mate na mavi, hukaa udongoni miaka, hauna dawa, na majimbo kadhaa yamekataza hizo chumvi. Hajajibu. Amenuna, najua.

Mchana ni kukata miiba na kujaza mabirika.

Saa kumi na moja najibanza nyuma ya mvinje. Pofu humsikia kabla hujamwona, miguu yake hulia tik, tik akitembea. Jike mmoja anakuja, ananusa jiwe jipya, analamba mara mbili. Kisha anarudi pale pa jiwe la zamani, anapiga magoti na kuula udongo wenyewe.

Kesho nitapafunika kwa miiba.