Watu Watano wa Kolo

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anachora katuni. Mimi naandika hadithi. Kuna mwaka tulipatana kutengeneza kijitabu, yeye picha mimi maneno, kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Tukapanda basi Dodoma mjini, tukalala Kondoa, asubuhi tukaenda Kolo.

Njia ya kupanda Mungomi wa Kolo inakata pumzi. Mwongozaji wetu, ambaye hakuhema hata kidogo, alitusimulia kwamba wenyeji bado wanafika huko kutambika na kuomba mvua. Kisha akatuonyesha watu watano ukutani: wembamba, warefu, wekundu waliofifia, vichwa vikubwa, na wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, aliona mwanamke anayetekwa. Wako watafiti waliokuja baadaye wakaona mambo ya simbo, ngoma ya Wasandawe ambayo wachezaji wake hupagawa. Kwa hiyo huenda anayeshikwa hatekwi, anazuiwa asianguke.

Mdogo wangu alikaa juu ya jiwe na daftari lake, na mwongozaji hajamaliza maelezo, wote watano walikuwa wameshaingia kwenye karatasi. Nilimwonea wivu, sifichi.

Usiku, gesti, zamu yangu ikafika. Nikianza na wale wa pembeni, msomaji anafuatana nao wakiukwea mlima, anawaona wanamfikia mwanamke, na tayari ni wavamizi. Nikianza na mwanamke, nimeshamwonea huruma kabla hajaguswa. Ukutani hakuna aliyetangulia. Wote watano wamo kwa mara moja, na jicho lako linaanzia linapopenda. Sentensi ni mlango mwembamba: lazima mmoja apite kwanza, na yeyote atakayepita kwanza ameshapendelewa. Nikajaribu kukwepa kwa kutia "labda" na "huenda" kila mstari. Haikusomeka. Nani atamlilia mtu ambaye labda ametekwa?

Asubuhi mama mwenye gesti alituletea chai na maandazi. Tulipomwamkia akauliza tunahangaika na nini. Mdogo wangu akamwonyesha daftari.

"Hawa wanacheza ngoma," akasema papo hapo.

Binti aliyekuwa anafagia akachungulia begani kwake. "Wanacheza wapi, mama? Si wanamgombania huyo!"

Wakabishana mpaka chai ikapoa, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia mchoraji kumuuliza yeye alikusudia nini. Ndipo nikawasomea ukurasa wangu. Mama alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akanitazama usoni.

"Sasa mwanangu, mwenyewe alitaka kwenda au hakutaka?"

Picha ile ile, watu wale wale, lakini deni nilidaiwa mimi peke yangu. Nilibabaika nikasema nitaangalia. Naye akacheka, akaenda kumwonyesha binti kona aliyoiruka.

Kwenye basi la kurudi nikaachana na wale watano kabisa. Nikamweka bibi mmoja bondeni, anasaga uwele, hauoni mwamba wala watu. Anachokipata ni sauti tu, upepo unaileta na kuikata, na moja ni ya mjukuu wake. Ameijua sauti hiyo tangu siku ilipotoka tumboni, lakini kwa umbali ule kicheko na kilio vinafanana. Anasimamisha mkono. Anasikiliza. Anaendelea kusaga, kwa sababu watoto watarudi na njaa, wakirudi.

Nilimsomea mdogo wangu tulipokuwa tunaipita Mayamaya. Alikuwa ameshatoa penseli, akaishika hewani muda mrefu.

"Dada, hapo umenikomoa," akasema. "Nichore nini sasa? Sikio?"