Kodi ya kivuli: siku yangu moja Ngamiani, Tanga

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai kuna mafuta. Si ya nazi, ni ya kukinga jua: Kilisun, yale yaliyoanza kutengenezwa Moshi kwa ajili yetu wenye ualbino. Napaka uso, shingo, migongo ya mikono na masikio. Masikio napaka mara mbili, sababu yake nitaisema. Jirani mmoja aliwahi kuniomba akidhani ni ya kujichubua. Nikamuuliza: mimi nikijichubua nitabaki na nini?

Saa 12:30 nimeshapanda baiskeli, pama kichwani, mikono mirefu hadi viganjani. "Fundi, shamba leo?" Utani wa kila siku, na mimi hujibu kila siku kwamba mahindi yamekomaa.

Saa 2 nafungua baraza. Wenzangu wanalipa kodi ya fremu, mimi nalipa kodi ya kivuli. Tanga iko kusini ya ikweta, nyuzi kama 5, kwa hiyo jua la mchana Juni linaegemea kaskazini na Desemba linahamia kusini. Cherehani yangu nayo inahama, mwaka mzima, upande huu na ule wa nguzo. Macho yangu hayaoni mbali na yanachezacheza, basi uzi natunga kwa kuweka karatasi nyeusi nyuma ya sindano. Nikishautunga, mshono haunisumbui. Vidole vinaujua.

Saa 4 akaja mama na mwanawe wa miaka saba, mwenye ualbino kama mimi, kavaa kepi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba baba. Hebu geuka."

Masikio yote nje, mekundu. Shingo imeanza madoa. Mama anasema mafuta anapakwa asubuhi akienda shule, basi. Nikamwambia yanatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili, na hata hivyo mafuta ni msaidizi tu. Kazi kubwa ni ya nguo na kivuli. Nikachukua kipande cha kaki na kingine cha pamba nyeupe nyepesi, nikaviinua kuelekea mwanga. Kupitia kile chepesi niliona barabara nzima. Ukiona mwanga umepita, miale nayo inapita, na shati likilowa jasho inapita zaidi. Akachagua kaki. Nikapima kichwa: pama la ukingo wa sentimita 8, kuzunguka kote.

Halafu nikamwonyesha sikio langu la kushoto, lilipokatwa kipande kwa juu. Shuleni kwetu tulikuwa tunasimama mstarini asubuhi, halafu tunafagia uwanja, na hakuna aliyefikiri kunipa kazi ya ndani. Ukubwani kikatoka kidonda kisichopona. Kituo kimoja wakaniambia ni fangasi, nikapaka dawa miezi mitano. Ilikuwa saratani ya ngozi, ile ambayo ikiwahiwa inakatwa na mtu anaendelea na maisha. Nikamwambia mama: kidonda kikipita mwezi hakijapona, usibembelezwe na tyubu.

Saa 6 na dakika kumi hivi. Hii ni wiki ya kwanza ya Oktoba, jua linapita utosini. Nguzo ya umeme haina kivuli, na muuza madafu anakanyaga chake. Kanuni ninayowapa watoto ndiyo hiyo: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia ndani. Mawingu yasikudanganye, miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, inayapenya.

Saa 8, bibi wa nyumba ya pili kaja kuchukua dera lake.

"Mjukuu wangu, wewe kila siku kivulini, mifupa je? Kliniki wanasema watoto waanikwe."

Ana hoja. Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, na mtoto akiikosa miguu hupinda kwa matege. Lakini melanini, ile rangi ya ngozi, ni pazia: mwenye ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi kuipata, mimi nisiye na pazia dakika chache za njiani huweza kunitosha. Kumkalisha mtoto nyuma ya dirisha la kioo hakusaidii, miale inayohitajika kwa kazi hiyo inazuiwa na kioo. Bibi akasema, "Kumbe jua nalo lina vipimo kama nguo." Dera likamkaa vizuri, ila mkono wa kulia nimeuachia nyuzi. Kesho.

Saa 10 hadi saa 11, kanzu mbili na zipu ya begi. Hakuna la kusimulia.

Saa 11:30 mtoto karudi kuchukua pama. Kalivaa, likamshuka hadi nyusi, akainua kichwa ili anione.

"Kubwa, fundi."

"Utalikuta mwakani."

Akaondoka katikati ya barabara, ameshikilia ukingo kwa mikono miwili ingawa upepo haukuwepo.