Ulanzi, mkangafu na kidonge cha usiku

Mvua zimeshika na huku Njombe mianzi inatoa ulanzi, pombe yake, kwelikweli. Kilabu cha nyuma ya mtaa wetu kinajaa kabla jua halijatua. Waliokuja kwa mtogwa, ule mtamu mbichi, wanaishia kwenye mkangafu, ule uliochacha ukawa mkali, na mkangafu haujali heshima ya mtu.

Juzi mtoto wa mjomba aliniambia jambo ambalo halijanitoka kichwani. (Ameniruhusu kuliandika, ila jina nisitaje.) Yuko kwenye dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa miaka sasa. Lakini akienda kilabuni, usiku huo hamezi. "Dada, pombe na dawa zikikutana tumboni ni sumu. Si tulikatazwa?" Alisema kwa utulivu wa mtu anayefuata masharti. Akinywa Ijumaa mpaka Jumapili, vidonge vitatu vinabaki kwenye kopo.

Tukizungumzia pombe na Ukimwi huwa tunaishia kwenye usiku mmoja: kichwa kimechangamka, kondomu imesahaulika, au binti wa baa kanunuliwa bia na mnunuzi sasa anadai chake. Hayo yapo, na hilo la ofa linanikera kuliko yote, kwa sababu binti anayeishi kwa bakshishi hana nguvu ya kukataa. Hata PEP, dawa ya dharura ya kuzuia maambukizi baada ya tukio kama hilo, hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Aliyelewa wikiendi nzima anazinduka muda umeshakwenda.

Ila hili la vidonge kubaki kwenye kopo halisemwi. Anayemeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mwenzake kwa ngono. Akizoea kuruka, virusi vinaamka, na hapo hatari si yake peke yake tena. Na kidonge chenyewe cha siku hizi, kile wanachokiita TLD, hakigeuki sumu kwa kukutana na ulanzi. Pombe nyingi inaharibu ini, hilo sibishani. Lakini aliyekunywa, ameze.

Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, nchi nzima ikiwa 4.4. Wageni wanausingizia ulanzi. Mimi naona ni mengi: barabara kuu ya Zambia na malori yanayolala Makambako, vibarua wa mashambani walio mbali na wake zao, tohara ya wanaume iliyochelewa kufika huku.

Kliniki swali huwa "unakunywa?" Watu wanajibu hapana, maana ukijibu ndiyo unasomewa. Mtoto wa mjomba naye hujibu hapana. Ningekuwa mimi nyuma ya meza ile ningeuliza: siku ukinywa, kidonge unameza saa ngapi? Pengine kwa swali hilo angeshahamishiwa dozi yake asubuhi, kabla kilabu hakijafunguliwa.