Siku moja maishani mwangu: fundi wa mizani, Kibuye

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua kibanda. Kiko ukingoni mwa soko la Kibuye hapa Kisumu, kati ya muuza vyuma chakavu na mama wa chapati, na ukipita haraka utadhani ni cha kutengeneza redio. Mimi ni fundi wa mizani. Kila nikimwambia mtu hivyo, hata kwenye matanga, hunikazia macho: "Kumbe ni wewe unayewachezea mizani hawa watu watuibie?"

Hapana. Mimi huifanya mizani iseme kweli, kisha afisa wa vipimo huijaribu kivyake na kuigonga muhuri. Kutumia mizani isiyo na muhuri kwa biashara ni kosa chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Hata fundi ana leseni yake. Yangu iko ukutani, imeanza kugeuka njano kwa moshi wa chapati.

Kabla ya chai natoa mawe. Haya si ya mteja, ni mawe yangu ya kujaribia, kuanzia gramu 1 hadi kilo 20, na ndiyo mtaji wangu wote. Yale madogo ya shaba sishiki kwa vidole, maana jasho na mafuta ya ngozi hubaki juu yake. Nayashika kwa kibanio. Makubwa ya chuma nayafuta kwa kitambaa kikavu. Mawe haya hupelekwa kulinganishwa na mawe ya serikali, ya serikali yana wakubwa wao Nairobi, na wakubwa wa Nairobi nao wana pa kujibu. Zamani njia hiyo ilikuwa ikiishia Sèvres, karibu na Paris, ambako tangu 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha madini ya platini na iridi kilichofunikwa kwa vioo. Tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kilistaafishwa, na sasa kilo inatokana na namba ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika, 6.62607015 × 10⁻³⁴ J s. Siku hiyo nilifungua kibanda kama kawaida na hakuna nyanya iliyoongezeka wala kupungua.

Saa mbili mchinjaji analeta jiwe la kilo 2. Limeliwa na kutu na kulika kwa kushikwashikwa, limepungua gramu 4, kwa hivyo kila anachopima nalo kinamtoka pungufu na mteja ndiye anayeumia. Chini ya jiwe la aina hiyo kuna kishimo kilichozibwa kwa risasi. Huko ndiko uzito hurekebishwa na ndiko muhuri hugongwa. Naongeza chembe za risasi, nagonga kwa nyundo ndogo, narudisha kwenye sahani, naongeza tena kidogo, hadi mshale usimame katikati. Nimemwambia asilitumie kabla afisa hajaligonga muhuri mpya. Amesema sawa kwa ile sauti ya mtu ambaye mteja wake wa kwanza tayari anamsubiri dukani.

Saa tatu anaingia mwenye duka la nafaka na mizani mpya ya dijitali, bado ina nailoni. Ameipandisha jiwe lake la kilo 20, ikasoma 19.93. "Fundi, nimeuziwa feki." Naweka langu la kilo 20. Inasoma 19.93. Si feki. Mizani ya aina hii haimjui kilo. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kikikandamizwa, na kinachokikandamiza ni mvuto wa dunia juu ya mzigo, yaani nguvu, ambayo kizio chake ni newton. Kompyuta ndogo iliyomo ndiyo inayogeuza newton kuwa kilo, kwa kutumia mvuto wa mahali iliporekebishiwa. Kwa mfano, London kila kilo huvutwa kwa newton 9.81. Hapa kwetu ni kama 9.78, kwa sababu tuko juu kabisa ya tumbo la dunia (mstari wa ikweta unapita pale Maseno), dunia imevimba kidogo hapa katikati, inatuzungusha kwa kasi zaidi, na tena tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo ndogo, kwenye kilo 20, inafika karibu gramu 70.

Mizani ya sahani mbili haina shida hiyo, maana mvuto ukipungua upande wa jiwe unapungua na upande wa nyama. Ndiyo sababu siichoki ile ya kizamani.

Nikaiingiza mizani yake kwenye hali ya kurekebisha, nikaweka jiwe, nikasubiri namba itulie, nikahifadhi. 20.00. Akaniuliza kama kazi yote ilikuwa ni kubonyeza tu. Nikamwambia ndiyo, shilingi mia tano.

Saa nne na nusu ndipo siku ilipoharibika.

Namsikia kabla sijamwona. Ni mnunuzi wa samaki, mtu mkubwa mwenye gambuti, ameshika ile mizani ya betri ya kuning'iniza kama mtu aliyemkamata kuku wa jirani shambani kwake. Wiki iliyopita nilimbadilishia ndoano na betri. "Omera, umeniua! Mizani yako inaongeza!"

Mizani ni yake, lakini sikubisha. Nikaitundika kwenye boriti, nikaning'iniza jiwe la kilo 10. Ikasoma 22.05.

"Umeona? Umeona!" Watu wa chapati wakageuka.

Nikamwonyesha pembe ya kioo, pale chini kulia, palipo na herufi mbili ndogo kuliko punje ya mtama: lb.

"Hizo ni herufi za kampuni," akasema.

Si za kampuni. Ni ratili, kizio cha Kiingereza cha zamani ambacho Marekani wanakitumia hadi leo. Nikabonyeza kitufe cha mbele mara moja: 20.00, na herufi zikawa jin, kizio cha sokoni Uchina, ambacho ni nusu kilo kamili. Nikabonyeza tena: 10.00, kg. Jiwe halijaguswa, linaning'inia palepale. Nikarudia mara tatu ili wa chapati nao waone, maana jina langu ndilo lililokuwa limetangazwa.

Akakaa kimya akiangalia kile kitufe. Kisha akasema kijana wake wa kazi hupenda kukibonyeza kuizima, naye kijana hajui kwamba cha kuzima ni kile kingine. Halafu akatoa daftari. Nilipoliona nilijua chakula cha mchana kimekwenda.

Kurasa na kurasa za namba. 38.4. 17.6. 41.0. 36.0. 24.0. Tarehe zipo, majina ya wavuvi yapo, pesa zipo hadi shilingi ya mwisho. Kizio hakuna. Hakuna kg hata moja katika daftari zima. Nikamuuliza kwa nini. "Fundi, samaki anapimwa kwa nini kingine? Kilo ni kilo."

Nawaambia watu kila siku na wananiona mtu wa vitabuni: 38.4 peke yake haijasema kitu. Mvuvi aliyelipwa kwa 38.4 alilipwa kwa kilo ambazo hazikuwepo ziwani.

Tukaanza kuchambua. Samaki wake anawaweka kwenye kreti za plastiki, na kreti moja ikijaa mbuta (sangara) haizidi kilo ishirini na kitu, hilo ana uhakika nalo. Kwa hivyo kila namba iliyopita thelathini ilipimwa kwa kizio kingine. Lakini kipi? 38.4 ikiwa ratili ni kilo 17.4, ikiwa jin ni kilo 19.2. Tofauti ya kilo karibu mbili kwenye kreti moja, na kreti ni nyingi. Bahati nzuri baadhi alizipeleka zilivyo hotelini asubuhi ileile, na hoteli huandika risiti ya maana. Risiti ya siku hiyo: 17.4 kg. Gawa 38.4 kwa 17.4, unapata 2.2 na kidogo. Ratili. Siku iliyofuata daftari lasema 36.0 na risiti yasema 18.0 kg. Mbili kamili. Jin. Kijana alikuwa amebonyeza mara mbili.

Tukaenda hivyo, mstari kwa mstari, yeye akisoma, mimi na kikokotoo, jua likipiga mabati. Kila tukipata kilo zilizozidi analitaja jina la mvuvi na kumwapiza. Nikamwambia mvuvi naye alikuwa anaangalia namba ileile kwenye kioo kilekile. "Mvuvi anajua samaki wake kwa mkono!" Hapo, kusema kweli, sikuwa na jibu.

Zile 24.0 ndizo zilizotushinda. Zinaweza kuwa kilo 24 za kreti iliyojaa, zinaweza kuwa ratili, yaani kilo 10.9 za kreti ya nusu, zinaweza kuwa jin, kilo 12. Hazikwenda hotelini, zilikatwakatwa zikauzwa mtaani Kondele. Akataka niamue. Nikakataa. Akataka niandike barua kwamba mizani ilikuwa mbovu, apate cha kuwaonyesha wavuvi. Nikakataa pia, ila nikachana karatasi ya risiti nikaandika hivi: 10.00 kg = 22.05 lb = 20.00 jin, nikatia sahihi. Hiyo ndiyo kweli yote niliyonayo, na akitaka kwenda nayo ufukweni aende.

Kisha nikaziba kile kitufe kwa kipande cha plastiki na gundi. Akauliza gharama. Nikataja. Akasema ni kubwa kwa kazi ya gundi.

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Nilikula chapati nimesimama. Mama mmoja wa maharagwe alikuja na mizani ya springi iliyolegea, akinilaumu kwamba mizani imemwondolea wateja: gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, watu wanaielewa, kilo wanaibishia. Si mjinga. Gorogoro ya mahindi wengi huihesabu kilo 2, lakini mkebe haupimi kilo, unapima nafasi iliyo ndani yake. Jaza omena (dagaa) badala ya mahindi uone kama utakaribia kilo 2. Na mkebe uliobonyezwa kitako kwa nyundo hakuna fundi wa kuurekebisha. Nilikaza springi, nikarudisha mshale kwenye sufuri, akaenda.

Jioni jioni hivi akaja msichana wa Kidato cha Tatu na boksi la mizani za springi za maabara ya shule, zile nyembamba za bomba, zimeandikwa N. Nusu ya mishale yake haikuwa ikirudi sufuri. Mtu wa maabara ndiye aliyemtuma. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye kope, lakini huyu alikuwa na maswali mazuri.

"Anko, mbona nikitundika gramu 100 inasoma 0.98 na mwalimu alisema ni 1?"

Nikamwambia mwalimu ametumia 10 ili hesabu iwe nyepesi, na si kosa, mradi swali limeruhusu. Springi haikusoma swali. Inajua 0.1 kg mara 9.78, na hiyo ni 0.978 N, ambayo kwenye mistari hii midogo ataisoma 0.98. Akaandika. Nikaona ameandika "0.98n". Nikamrudisha: newton ni jina la mtu, kifupi chake ni herufi kubwa, N. Ila kg ni ndogo zote mbili, hata kama mabango yote ya Kibuye yanasema KG na Kgs, maana K kubwa tayari ina mwenyewe, kelvin, wa joto. Na m ndogo na M kubwa ndiyo hatari zaidi: 500 mg ni kidonge cha maumivu ya kichwa, 500 Mg ni tani 500. Alicheka sana hapo. Akaniuliza nilisomea chuo gani. Nikamwambia hiki kibanda, chini ya mzee aliyekuwa nacho kabla yangu, na nikaona amekitazama upya, mabati na yote.

Sikumlipisha bei kamili. Shule nazo hulipa kwa mwendo wa kobe, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Nikafunga giza limeshaingia, mawe kwenye kitambaa, kitambaa kwenye sanduku, sanduku chini ya kufuli mbili. Nyumbani nikala ugali na mboga, nikavua viatu, simu ikalia. Yule wa samaki.

"Fundi, nimeibiwa tena. Mke wangu amenunua mafuta ya kukaangia, lita 20. Nimemimina kwenye ndoo, nikatoa uzito wa ndoo, imebaki 18.4."

Nikamuuliza: "18.4 nini?"

Kimya kidogo. Nikasikia akisogea kwenye mwanga. "Kg," akasema. "Nimeangalia pembeni."

Nikamwambia hajaibiwa. Mafuta ni mepesi kuliko maji: lita moja ya mafuta ya kupikia huwa na kama kilo 0.92, kwa hivyo lita 20 ni hizo 18.4 kamili. Maji ndiyo yangefika kilo 20.

"Sasa nikiyauza, niuze kwa lita au kwa kilo?"

"Niulize kesho," nikamwambia. "Na uje na ile hela ya gundi."